Mabawa Kinywani mwa Nthiga

Mama wa kitanda cha dirishani amefungua mkebe wake leo asubuhi, na harufu ikanifikia kabla sijageuka. Kumbikumbi. Wamekaangwa vizuri, bila mafuta, maana kumbikumbi hujikaanga kwa mafuta yao wenyewe, unaongeza chumvi kidogo tu. Wadi nzima ikanukia nyumbani. Nikashika chuma cha kitanda cha kitukuu changu Kithaka, nikakaa hivyo mpaka yule mama akaniuliza, akiniita bibi kwa lugha ya kwetu, "Cucu, ni kizunguzungu? Nikuitie sista?"

Nikamwambia hapana, mwanangu, ni harufu.

Akacheka. "Kumbe ni hamu! Si useme. Leta kiganja."

Sikuleta kiganja. Nimemwambia baadaye. Yeye ni mtoto wa juzi, hawezi kujua kwamba kuna chakula mtu anaweza kukipenda na kukiogopa wakati mmoja. Nyinyi wa rika langu mliolelewa kule chini kwenye joto mnajua.

Leo ni siku ya tisa tangu niingie hapa na huyu mtoto. Sindano zake ni za siku kumi na saba, na daktari amesema hairukwi hata moja. Nimeazima daftari lake la shule na kalamu, kwa sababu kukaa bila kazi mikononi sijazoea, na nataka kuandika mambo ya ndugu yangu Nthiga yakiwa bado yamenyooka kichwani. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo mahali herufi zimepinda mnivumilie. Lakini majina sijasahau hata moja. Mtu akishaniambia jina lake, hata akifa ninabaki nalo.

Sababu nyingine ya kuandika ni hasira. Siku tuliyofika, sista mmoja aliangalia karatasi, akaona tumetoka wapi, akasema bila ubaya wowote, kama mtu anayesema kunanyesha, "Watu wa kule kwenu hutoroka sana. Mnaona tumbo limeshuka, mnaenda. Sasa wewe cucu, usije ukatoroka na huyu." Nikamwitikia, "Sawa, sista." Lakini hilo neno, kutoroka, nalijua tangu kabla mama yake huyo sista hajazaliwa.

Kwetu kulikuwa kule Mbeere ya chini, karibu na mto Tana, mahali ambapo sasa kuna bwawa la Kiambere. Wakati huo hakukuwa na bwawa wala nyaya za umeme. Siku hizi nyaya zinapita juu ya paa zetu zikikimbia kwenda mbali, na chini yake kuna nyumba zinazowasha koroboi. Lakini nisianze na hilo, sitamaliza.

Baba yangu, Kivuti, alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge. Alitoka nyumbani na kifua cha mtu, akarudi na kifua kinachonguruma kama jiwe la kusagia, na msimu haukwisha tukamzika. Kabla majani ya kaburi hayajaota, kaka yake mkubwa, Njiru, akaja na fimbo, akafungua zizi na kuwaswaga mbuzi wetu wote.

"Mbuzi ni wa ukoo," alisema.

Mama yangu, Rwamba, alikuwa mlangoni. "Na watoto ni wa nani?"

"Watoto ni wako, mpaka wakue."

Cucu Marigu, mama yake baba, yaani mama yake Njiru pia, alitema mate chini. Alikuwa anakaa nasi kwa sababu alisema uji wa nyumba ya Njiru una donge. Haukuwa na donge. Ulikuwa uji mzuri kuliko wetu.

Njiru alichukua mbuzi, lakini alituachia vichuguu. Vilikuwa vitatu, viwili upande wa mto na kimoja nyuma ya nyumba. Mtu asiyetoka kwetu anaweza kucheka, lakini kwetu kichuguu kilikuwa na mwenyewe, kama ng'ombe alivyo na mwenyewe. Babu alirithi kutoka kwa babake, na alipokufa Cucu Marigu akabaki navyo. Ukimkuta mtu anatega kumbikumbi kwenye kichuguu chako hiyo ni kesi ya wazee, na amekuibia kama aliyeingia ghalani. Njiru hakuvitaka. "Kichuguu hakilipi mahari," alisema, akacheka. Sisi tukabaki nyumba isiyo na mkia wa mnyama hata mmoja, tukiwa na vichuguu vitatu. Hiyo ndiyo ilikuwa mali yetu, na nataka mshike hapo, kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Kutega kumbikumbi ni kazi ya kukaa. Unafyeka majani, unasafisha matundu, unainamisha fito juu yake kama kibanda kidogo, unafunika kwa matawi na ngozi kuukuu ili kuwe na giza, unaacha mlango mmoja tu wenye mwanga, na chini ya mlango unachimba shimo unatia kibuyu. Kisha unapiga. Unachukua fimbo mbili unapiga ukuni mkavu uliolazwa ubavuni mwa kichuguu, tatata tatata tatata, unaigiza mvua. Walioko ndani wanasikia, wanadhani mvua imenyesha, wanatoka na mabawa yao mapya kwenda kuolewa, wanaanguka kwenye kibuyu. Inahitaji mtu apige bila kuchoka, alasiri mpaka giza linapoanza kuingia.

Mimi nilikuwa na kazi ya maji, na mto haukuwa karibu kama ninavyosema. Mama alikuwa akilima kibarua kwa watu. Cucu alikuwa na miguu mibaya. Kwa hivyo aliyekaa kichuguuni ni Nthiga. Alikuwa na miaka sita hivi, hana nguvu za kubeba mtungi, lakini mikono yake ilikuwa na mdundo kuliko yetu sote. Ukisimama mbali ungedhani kweli mvua inakuja. Alikaa na mgongo kwenye udongo, karibu na matundu kwa sababu kuna ubaridi, kifua wazi, kaptura ya baba iliyokatwa. Jioni kulikuwa na vidudu vidogo sana, rangi ya vumbi, visivyolia kama mbu. Viliruka kwa kurukaruka, vikakuuma, ukajikuna, ukasahau. Hatukuwa na jina lao. Kitu usichokuwa na jina lake unagombanaje nacho?

Na kulikuwa na mwiko. Hakuna kula kichuguuni. Kumbikumbi wa kwanza lazima wafike kwa mwenye kichuguu, awaonje yeye, ndipo wengine wale. Mtoto akitia hata mmoja mdomoni akiwa pale, kichuguu kinanuna. Kikinuna, unaweza kupiga fimbo mpaka viganja vitoe malengelenge, hawatoki. Cucu alituambia hivyo mara nyingi, na mimi niliamini kama ninavyoamini jua.

Msimu wa kwanza vichuguu vilitupa vizuri. Tulikausha, tukakaanga, tukapepeta mabawa kwenye uteo yakaruka uani kama maua. Tulikula na uji wa mtama, na wengine tukawabadilisha kwa unga. Ciamati, mke wa Njiru, alikuwa anamtuma binti yake Gicuku na kibakuli cha unga, anarudi na kibakuli cha kumbikumbi. Gicuku na kaka yake Mbogo walikuwa wananyonya mafuta ya kumbikumbi wetu wakiwa wamekaa kwao, kwenye kivuli cha ghala, na mbuzi wetu wanawachezea miguuni. Hawakuwahi kukaa kichuguuni hata jioni moja. Kwa nini wakae, na sisi tupo?

Msimu wa pili mvua ilikuja ya kudanganya, ikapita. Vichuguu vikanyamaza. Nthiga alipiga na kupiga, kibuyu kinarudi na kumbikumbi wanane, kumi. Na ndipo nilipoona tumbo lake.

Sisi sote tulikuwa tunakonda. Mama alikuwa amebaki mashavu ya ndani. Lakini Nthiga, ambaye mikono yake ilikuwa vijiti na mbavu zake unaweza kuzihesabu, tumbo lake lilikuwa linakua. Lilivimba upande wa kushoto, likashuka, likawa kama la mtu aliyeshiba karamu. Ngozi ikaanza kuwa nyeusi ya kijivu. Jioni akawa na joto, asubuhi hana. Halafu alipoteza hamu ya uji, uji wenyewe ule wa kugombaniwa. Mimi nikafikiri kwa akili yangu ya miaka tisa, na nikapata jibu: mtoto anayekataa uji, mwenye tumbo limejaa, wakati kichuguu kimenuna. Anakula huko. Anawala wabichi, na mabawa yake.

Nilianza kumvizia. Nikitoka mtoni natua mtungi, naenda kichuguuni polepole, namshtua.

"Fungua!"

Anafungua kinywa.

"Inua ulimi."

Anainua. Natia kidole, nazungusha kwenye ufizi, natafuta mabawa. Bawa la kumbikumbi linanata, huwezi kuliondoa haraka. Sikupata kitu. Nilipata damu kidogo kwenye fizi mara nyingi, nikafikiri amejiuma kwa kutafuna upesi nisimkute.

"Sijala, Igoki," alikuwa akisema. "Haki sijala."

"Na hili tumbo limejazwa na upepo?"

"Sijui. Linauma nikilala."

"Linauma kwa sababu ya wabichi. Nitakusema."

Nikamsema. Nilikwenda kwa Cucu Marigu nikamwambia, Cucu, kichuguu kimenuna kwa sababu ya Nthiga. Cucu akamwita, akamlaza kwenye ngozi, akabonyeza pale kushoto. Nilimwona uso ukibadilika. "Kuna jiwe humu," alisema. Kisha akamwambia mama, na mama alikuwa ametoka kulima shamba la watu tangu alfajiri, hana hata nguvu ya kufungua leso kichwani. Mama akamwangalia Nthiga, akaniangalia mimi. Akasema, "Mwenye tumbo tupu apewe kwanza."

Tangu siku hiyo uji wa Nthiga ulipunguzwa nusu. Hiyo nusu niliila mimi. Nimeandika sentensi hiyo nikaiangalia muda mrefu, na sitaifuta.

Msifikiri mama alikuwa mkatili. Mama alikuwa na kibuyu kimoja cha unga na vinywa vinne, na amekuja mtoto wa kike aliyeapa kwamba kinywa kimoja kinakula kwingine. Ungefanyaje? Umaskini si kukosa chakula tu. Unakunyima hata nafasi ya kukosea. Kwa Njiru, Mbogo akiiba kumbikumbi angepigwa kofi, kesho akapewa maziwa. Kwetu kosa moja la mtoto wa miaka tisa liliingia ndani ya bakuli la mwenzake.

Baadaye akaitwa Kathuri, mganga, mzee mwenye mikono mizuri na wembe mmoja. Alimchanja Nthiga juu ya lile jiwe, mistari kumi na miwili, akapaka masizi. Wembe huo huo aliufuta kwenye paja, akaenda nao nyumba ya Kanyi kiwete, ambako pia kulikuwa na mtoto mwenye tumbo. Mama alimlipa kuku wa mwisho.

Tumbo halikushuka. Pua ilianza kutoka damu. Mama alimbeba mgongoni akamfikisha kwa dresa wa dispensari, mwanamume mwembamba aliyeitwa Onesmo, naye akampa vidonge vya malaria. Akarudi tena, vidonge tena. Mara ya pili hiyo nilikwenda nao, nimebeba kibuyu cha maji, nikasikia kwa masikio yangu.

"Mama, huyu mtoto ana upungufu," Onesmo alisema. "Mpe mayai. Maziwa. Nyama kidogo, maini hasa. Na matunda."

Mama alimwangalia. Halafu akacheka. Nilikuwa sijamsikia mama akicheka tangu baba azikwe, na ulikuwa mcheko mzuri, wa kutoka tumboni, mpaka watu kwenye foleni nao wakacheka bila kujua wanacheka nini.

"Dresa," mama akasema akijifuta machozi, "na hayo maini niyatoe kwa nani? Nitoe yangu?"

Onesmo hakucheka. Aliinamisha kichwa. Nadhani alikuwa mtu mzuri, lakini alipewa maneno hayo ayaseme, na hakupewa mayai ayagawe.

Mara ya tatu ndipo Onesmo alipobonyeza lile jiwe kwa muda mrefu, akaandika karatasi, akasema mtoto apelekwe hospitali ya mjini upesi. Mama aliuza jembe lake moja kati ya mawili, akaenda na Nthiga. Mimi nikabaki na Cucu. Nikapewa fimbo, nikakaa kichuguuni mimi sasa. Nilipiga mpaka mikono ikafa ganzi. Niliumwa na vile vidudu, nikajikuna. Kwa nini ugonjwa haukunipata mimi, sijui mpaka leo. Kichuguu kilikuwa kimenuna vile vile, ingawa Nthiga hayupo, na nikaanza kuwa na wasiwasi ambao sikumwambia mtu. Kama mwizi ameondoka, mbona bado kimenuna?

Kule mjini walimwambia mama ni sindano kila siku, siku thelathini. Alilala sakafuni chini ya kitanda cha Nthiga, na mchana alifua nguo za wagonjwa wenye watu wao, wakampa mabaki ya chakula. Siku ya kumi na tano tumbo lilianza kulegea. Siku ya kumi na saba Nthiga aliomba ugali. Mama alinisimulia hayo baadaye mara nyingi, kila mara akianza na huo ugali.

Lakini nyumbani mawingu yalikuwa yamekuja, ya kweli. Na Njiru akamtuma mtu wa lori kwa mama kule mjini na maneno. Maneno yalikuwa hivi: mvua ikinyesha shamba la Kivuti likiwa halijapigwa jembe, shamba hilo atampa mtu mwenye mikono. Cucu Marigu alimfuata mwanawe akamlaani kwenye uwanja wake, mbele ya Ciamati na watoto, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye daftari la shule. Njiru alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Umemaliza, mama? Mvua haingoji mgonjwa."

Mama alirudi siku ya kumi na tisa. Nthiga alikuwa anatembea mwenyewe! Nilimwona akishuka njia ya mawe ameshika leso ya mama, tumbo limekuwa dogo, macho meupe, anaruka majani. Nilipiga kelele. Hata Cucu alisimama. Mama hakufurahi. Alichukua jembe lililobaki kabla hajanywa maji.

"Si walisema thelathini?" Cucu akauliza.

"Nimemwambia sista nipande, kisha nirudi. Amesema nikitoka, nimetoka." Alikuwa tayari anafunga kiuno. "Mama, amepona. Umemwona mwenyewe. Zilizobaki ni za kumalizia tu."

Tulipanda siku nne, mama akilima na mwezi wa asubuhi. Shamba likabaki letu. Kunde zikaota vizuri kuliko miaka yote. Na kabla hazijatoa maua, tumbo la Nthiga likarudi.

Safari hii lilikuja haraka. Siku mama alipomfunga mgongoni kumrudisha mjini, nilimletea uji kwenye kata. Nilikuwa nimempimia umejaa, bila mtu kuniambia. Niliweka kata karibu na uso wake. Yeye hakutazama uji. Alinitazama mimi, akafungua kinywa. Akakifungua wazi kabisa, akainua ulimi, akakaa hivyo anasubiri nitie kidole.

Nilisema, "Kunywa, Nthiga. Ni uji."

Akaendelea kukifungua, ananionyesha kwamba hamna kitu.

Mama akasema wamechelewa, akaenda naye. Kichwa chake kilikuwa kinatikisika begani kwa mama, na kinywa bado hakijafungwa vizuri. Ndiyo mara ya mwisho nilipomwona akiwa hai.

Alipofika kule, mama aliambiwa asubiri waangalie kitabu. Wakakuta jina. Mbele ya jina la ndugu yangu palikuwa na neno moja, na mama ambaye hakusoma aliomba asomewe. Ametoroka. Mama aliniuliza swali hilo mpaka uzee wake, kama mimi ndiye mwandishi wa kile kitabu: "Nilitoroka kwenda wapi, Igoki? Mtu hutoroka kwenda kulima?"

Nilikuja kuelewa nikiwa nimeolewa, mama wa watoto wanne. Walikuja watu wa utafiti kwetu, makoti meupe na nyavu laini, wakawa wanatega kwenye matundu ya vichuguu kama sisi tulivyotega, lakini wao walitaka vile vidudu vya vumbi. Niliwapelekea maji. Nikauliza ni nini. Mmoja akanieleza polepole: hivyo ndivyo vinavyoleta ugonjwa wa tumbo, kalaazari, vinakaa ndani ya vichuguu, vinatoka jioni na kuuma. Ni bandama linalovimba.

"Na kumbikumbi?" nikauliza. "Mtoto akiwala wabichi?"

"Hapana, mama. Kumbikumbi hawana kosa. Hata wabichi ni chakula kizuri."

Niliweka mtungi chini. Wakafikiri nimechoka.

Siku hiyo nilirudi nyumbani nikahesabu majina. Nthiga wetu. Wawili wa Kanyi kiwete, Njagi na Mbuya. Runji, binti wa Ciambaka mjane. Namu, aliyelelewa na nyanya yake kipofu. Nikazunguka akilini kila mji wa pale nilipokulia, na kila mtoto aliyekufa kwa tumbo alitoka kwenye nyumba isiyo na mbuzi, nyumba iliyoishi kwa vichuguu. Kutoka kwa Njiru, hakuna. Mbogo yuko hai mpaka leo, ana meno yote, anasema afya yake ni kwa sababu ya kuamka mapema. Watu wakasema ugonjwa hauchagui. Huo unachagua! Unajua njia ya kila nyumba maskini kama mtu aliyetumwa.

Sasa nisikilizeni. Mwaka huu, kabla hatujajua kwamba Kithaka anaumwa, kijana wa afya wa kwetu, Murithi, alituita uwanjani kwa kanisa. Ni kijana mwenye heshima, na nilimpenda. Akasoma kutoka kwa simu yake. Watoto wasikae karibu na vichuguu. Nyufa za ukuta zipigwe lipu. Kila mtu alale ndani ya neti. Mlo uwe kamili, wenye mboga, matunda na nyama au mayai.

Mayai! Nikainua mkono.

"Murithi, mwanangu. Wawira, mjukuu wangu, anachuma majani ya muguka kwa mashamba ya watu tangu jua halijatoka. Mtoto wake, huyu Kithaka, anamweka wapi?"

"Amweke kivulini, cucu."

"Kivuli shambani kiko wapi?"

Akafikiri. Anajua lile shamba, alizaliwa karibu. Mti umeachwa mmoja tu, nao umeota juu ya kichuguu. "Basi… amwache nyumbani."

"Na nani? Na paka?"

Watu wakacheka. "Na hiyo lipu," nikasema, "utaleta wewe saruji au nichanganye uji?"

"Cucu, mimi nimetumwa tu," akasema, na uso wake ulikuwa uso wa Onesmo kabisa, umeinama vile vile. Nikashusha mkono. Si yeye ninayemtaka. Nimetafuta maisha yangu yote yule ninayemtaka, yule anayetuma, sijamwona uwanjani hata siku moja.

Kithaka alikuwa amekaa kwenye mapaja yangu wakati huo, na tumbo lilikuwa limeshaanza. Nilitia mkono chini ya shati lake, upande wa kushoto. Nikalikuta jiwe. Sikuhitaji mtu aniambie. Wawira alisema tusubiri Jumamosi. Nikasema twende leo, na mimi ndiye nitakayekaa. Alisema, cucu, kwa magoti hayo? Nikasema magoti yatakaa pia.

Mchana huu, baada ya ile harufu, simu ya Wawira imekuja. Alikuwa anapiga kelele kwa sababu ya upepo.

"Cucu, tumbo limeshuka?"

"Limeshuka. Jana ameomba chapati."

"Basi si mrudi? Mvua imenyesha, cucu, nzuri sana! Ndengu zako hakuna wa kupanda. Mimi nikikosa siku mbili pale kwa muguka, nafasi yangu inapewa mtu. Hao wengine wanasema zilizobaki ni za kumalizia tu."

Nilishika simu nikasikia mvua yenyewe ikigonga mabati nyuma ya sauti yake, tatata tatata. Shamba langu ndilo lile la Kivuti, sehemu ambayo bwawa halikuchukua. Lisipopandwa, sijui tutakula nini mwezi wa pili. Hilo ni kweli, na silidharau. Asiwepo mtu wa kunidanganya kwamba nimechagua bila gharama.

"Wawira," nikasema, "zimebaki nane. Ndengu zife."

Akasema, "Sawa, cucu," na nikajua analia.

Yule mama wa dirishani alikuwa amesikia yote. Alikuja na mkebe wake, akamimina kumbikumbi kwenye kifuniko, akaweka kitandani, akarudi kwake.

Kithaka akaniangalia. "Cucu, naweza?"

"Kula."

Alijaza ngumi, akajaza kinywa, akatafuna akifumba macho. Wengine hawakupepetwa vizuri. Kisha akanivuta shuka. "Cucu, ona!" akafungua kinywa wazi, ulimi nje, jinsi watoto hufanya kwa kuringa. Mabawa yalikuwa yamenata kwenye ulimi, kwenye meno, moja kwenye mdomo wa juu.

Nikaangalia mpaka mwisho. Kisha nikamwambia afunge, atafune, aongeze.